Nataka kumjengea mama chumba, kaka anasema nanyakua nyumba ya baba

*Shangazi mpendwa, salamu kutoka Kasese, Uganda.*

*Mimi ni muuguzi, nina miaka 39 na watoto wawili, siishi na mume. Kwetu tumezaliwa watano. Marehemu baba alikuja hapa kufanya kazi katika mgodi wa Kilembe, akanunua kiwanja, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyoshikizwa kwa udongo: vyumba vitatu, na baraza mbele. Chumba cha kati kina ufa tangu tetemeko la 1994. Baba alifariki 2011 bila wosia. Mama bado anaishi humo, ana miaka 76 na magoti yanamsumbua. Choo kiko nje, nyuma ya jiko, na usiku wa mvua anatumia ndoo.*

*Nimeweka akiba ya shilingi milioni 14 kwenye SACCO yetu. Nataka kuongeza vyumba viwili na bafu la ndani. Chumba kimoja cha mama, kingine cha wageni. Fundi anasema njia rahisi ni kubomoa baraza tuunganishe mbele. Mama aliposikia hakusema neno, aliinuka tu akaingia ndani. Kaka yetu mkubwa, aliyesimikwa mrithi baada ya matanga, amenipigia simu kwamba binti hajengi kwa baba yake, na kwamba nanyakua nyumba. Wengine wananiambia jenga tu, atazoea. Fundi anataka kuanza wiki ijayo. Na huku ninakopanga, mwenye nyumba ameongeza kodi tena. Nimechoka. Nianze?*

*Binti wa Kilembe*

Mwanangu, usianze wiki ijayo. Chumba cha mama utakijenga, na nakuombea ukijenge upesi, lakini si kwa ramani hiyo na si kabla hamjakaa kikao.

Kwanza ndoo. Hilo halingoji kikao wala saruji. Wewe ni muuguzi, umeona vile viti vya wodini vyenye tundu na beseni chini. Seremala yeyote wa hapo mjini atakutengenezea kimoja cha mbao, chenye mikono miwili ya kushika, kiwekwe kando ya kitanda cha mama. Halafu simamisha nguzo na ubao wa kushikilia kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Fanya hivyo Jumamosi hii, mama apate usingizi wa amani wakati ninyi wengine mnazungumza.

Sasa nije kwenye barua yako, ambayo nimeisoma mara tatu. Unasema chumba cha pili ni cha wageni. Wageni gani, mwanangu? Mistari michache baadaye unaniambia kodi imepanda na umechoka. Mimi nadhani chumba hicho ni chako na watoto wako. Sikulaumu hata kidogo. Mwanamke wa miaka 39 anayelea watoto peke yake ana haki ya kutafuta mahali ambapo hakuna atakayempandishia kodi. Lakini nadhani kaka yako alikiona chumba hicho kabla yangu, na kwa kuwa hukukitaja kwa jina lake, akakipa jina analolijua yeye: kunyakua.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu nimeyapitia. Mimi na marehemu dada yangu tuliongeza vyumba kwenye nyumba ya mama yetu kule Tororo. Pesa nyingi zilitoka kwangu. Sikusema ni zawadi, wala sikusema ni sehemu yangu ya nyumba. Niliona kusema ni uchoyo. Mama alipofariki, kabla hata matanga hayajaisha, nikajisikia nikihesabu mabati kwa sauti mbele ya dada yangu: haya ni yangu, haya yalikuwepo. Hakunijibu. Tulikaa miaka miwili tukisalimiana kama majirani wa mtaa wa pili. Ningeamua siku ya kuchimba msingi, nisingefika pale.

Kwa hiyo zigawe hizo milioni 14 moyoni mwako kabla hazijatoka SACCO. Chumba cha mama na bafu viwe zawadi. Zawadi kweli, ya kutolewa na kusahauliwa, ambayo kesho na keshokutwa yeyote kati yenu watano anaweza kulala humo nawe usiseme lolote. Ukiona moyo unakataa kiasi fulani, punguza hicho kiasi sasa. Chumba chako kisiunganishwe na nyumba ya baba kabisa. Omba ukatiwe sehemu ya kiwanja, na siku utakapoweza ujenge hapo nyumba yako yenye mlango wako, hata ikiwa ya chumba kimoja.

Unaweza kuomba hivyo kama binti? Unaweza. Sheria ya Urithi ilivyorekebishwa mwaka 2022 inasema mtu akifa bila wosia, akaacha mjane na watoto na ndugu aliokuwa akiwatunza, mali yake inagawanywa hivi: watoto wote kwa pamoja asilimia 75, mjane asilimia 20, hao ndugu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Moja, mwanangu. Kusimikwa kwa kaka yako ni heshima na ni wajibu, lakini hakukumpa nyumba. Na katika zile 75 hakuna fungu la wavulana na fungu la wasichana. Mahakama ya Katiba ilishafuta mwaka 2007 vifungu vya sheria hiyo vilivyowabagua wanawake. Nyumba yenyewe aliyokuwa akiishi baba na familia yake haiingii kwenye mgao huo. Inashikwa kwa niaba ya familia, na mama yako ana haki ya kuishi humo bila kuguswa na mtu.

Ila hapo hapo sheria inakugusa na wewe. Kama nyumba si ya kaka, si yako pia. Ukuta utakaouunganisha na nyumba ya marehemu unakuwa sehemu ya mali ya marehemu. Na tangu 2011, kwa jinsi ulivyoandika, sioni kwamba kuna aliyekwenda kuchukua barua za usimamizi wa mirathi. Bila msimamizi hakuna wa kukukatia kiwanja kihalali. Njia inaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na cheti cha kifo, inakwenda ofisi ya Msimamizi Mkuu wa mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani. Pendekeza mama awe msimamizi pamoja na kaka yako. Ndiyo, pamoja na yeye.

Maana huyo kaka simwoni kama adui. Baba amekufa, yeye ndiye aliyekabidhiwa jina, na miaka yote hii mama anatumia ndoo. Halafu mdogo wake wa kike anakuja na milioni 14 na fundi. Sikiliza simu yake tena akilini. Mimi nasikia aibu ndani yake kuliko tamaa. Usimjibu kwa simu, wala usiende na asilimia zangu mdomoni. Panda basi uende kwake, mkae, umwambie: "Kaka, mama anahitaji choo cha ndani. Nataka wewe ndiwe uitishe kikao." Sheria ikae kwenye mkoba wako, itoke tu kama mambo yamekuwa mabaya. Kikao kikifanyika, yaandikwe: mchango wako ni zawadi kwa mama, ombi lako la kiwanja, na nani atasimamia nini. Wote watano na mama watie sahihi, mwenyekiti wa LC1 ashuhudie. Wanaokuambia "jenga tu, atazoea" waulize kama wako tayari kutia sahihi zao pia.

Baraza sasa. Usibomoe. Sijui marehemu alikuwa akikaa upande gani wa baraza hiyo, lakini mama yako anajua, na alipoinuka kuingia ndani alikuwa amekujibu. Urahisi wa fundi si sababu ya kumwondolea mjane mahali ambapo mumewe alikuwa akipumzika akitoka mgodini. Jenga nyuma au ubavuni.

Na kwa nyumba kama yenu, hata kuunganisha kwenyewe kuna namna. Kasese iko ndani ya Bonde la Ufa, ardhi yake inatikisika. Wazee wa Toro na Rwenzori hawajasahau tetemeko la Machi 1966, na la Februari 1994 lilikuachia ufa chumbani. Fundi akisema atang'ata matofali mapya ndani ya ukuta wa zamani, mkatalie. Ukuta wa udongo na ukuta wa saruji havisogei sawa, na msingi mpya utashuka kidogo wakati ule wa zamani ulishatulia. Mahali vinapong'atana ndipo patakapopasuka. Chumba kipya kisimame kwa kuta zake zote nne, kiachane na nyumba kwa nafasi ya vidole viwili, pafunikwe kwa bati lililokunjwa. Juu ya madirisha uzunguke mkanda wa zege wenye nondo, usiokatika. Mtaro wa msingi ukikaribia nyumba usichimbwe chini kuliko msingi wa baba, na shimo la maji taka liwe mbali. Mabati yamwage maji kuelekea nje, yasimwage kwenye ukuta wa udongo. Huyo fundi asipoelewa, tafuta mwingine. Umri wa nyumba hiyo hauruhusu kujifunzia.

Kibali cha ujenzi unakihitaji hata kwa kupanua, kwa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013. Nenda manispaa na mchoro. Mkimaliza kikao na kibali, lengeni ukavu wa Januari na Februari, na msingi na zege vinyweshewe maji siku 7 bila kuonea huruma bili.

Ndani ya bafu, sakafu iwe sawa na ya chumbani, pasiwe na kizingiti hata cha kidole. Mlango wa sentimita 90, ili siku moja kiti cha magurudumu kikihitajika kipite. Vyuma vya kushikilia viingizwe ukutani kabla ya plasta.

Jambo moja fundi hawezi kulijibu, wala kaka, wala mimi. Jioni moja kabla ya kwenda kwa kaka yako, keti na mama barazani, na umwulize dirisha la chumba chake kipya lielekee wapi: milimani, au barabarani ambako anaweza kuwaona wanaokuja.