Barua kwa mwanangu: chupa elfu mbili usiagize bado

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo sote. Baba yako goti linamsumbua, lakini msikitini anakwenda kwa miguu yake na hataki kusikia habari ya fimbo.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kutengeneza marashi ya gari, yale ya kichupa kinachoning'inia kwenye kioo cha dereva, yanukie kama udi wangu. Na umeshapata mtu China atakayekuuzia chupa 2,000 zenye nembo yako kwa bei ya kutupa. Umeniuliza mawili: nikupe mchanganyo wangu, na je, uagize sasa kabla bei haijapanda?

Mchanganyo nitakupa. Chupa usiagize.

Udi wangu wa sukari hunukia kwa sababu unakutana na moto. Vile vipande vya udi, sandali, halwaridi na sukari yenyewe vyote vinangoja kaa la chetezo. Ukivitia kwenye kichupa utapata maji matamu yanayonata, na harufu uliyokulia nayo hutaiona. Wewe unahitaji mafuta matupu, yanayoruka yenyewe bila moto, na hiyo ni kazi nyingine kabisa hata kwangu mimi niliyezeeka na udi mikononi.

Halafu kuna gari lenyewe. Nje kukiwa na nyuzijoto 35, gari lililofungwa juani hupita 50 ndani ya saa moja, na dashibodi inaweza kufika 70. Kwa joto hilo mafuta hayaondoki kwa pamoja. Ya ndimu na machungwa ndiyo ya kwanza kukimbia, langilangi inafuata, sandali na udi vinabaki nyuma. Mteja ananunua harufu moja Jumatatu, Ijumaa ana nyingine, na anadhani umemuibia. Basi usiujaribu mchanganyo wako chumbani chini ya feni. Utundike ndani ya gari linaloshinda juani Kariakoo.

Mafuta usiyazimue kwa spiriti. Inaruka upesi, na kwenye gari lenye joto inashika moto kwa urahisi mno. Wauza malighafi za sabuni na manukato wana kitu wanakiita DPG, kimiminika kizito kisicho na harufu ya maana, ndicho kinachoyashika mafuta yasikimbie. Anza nacho hicho. Na ukipenda machungwa, jihadhari: mafuta ya maganda yake yana limonini, kitu kinachoyeyusha baadhi ya plastiki. Dondosha tone moja kwenye kile kiboksi cheupe cha kubebea chipsi, kisha kitazame kinavyotoboka. Karafuu nayo si mpole kwa plastiki. Kichupa kikivuja juu ya dashibodi ya mtu, hutamlipa mafuta, utamlipa dashibodi. Kwa hiyo tafuta kwa mafundi wa magari kipande cha dashibodi chakavu, kidondoshee mchanganyo wako, kiache juani mchana kutwa, kisha kipanguse uone kama kimebaki na doa la kung'aa.

Kifuniko cha mbao ndicho kitakachokutesa zaidi. Kile ndicho kinachonyonya mafuta na kuyatoa hewani. Mtu akikipindua kichupa kwa sekunde mbili tatu mbao inalowa, inatosha. Akikisahau kimepinduka, mafuta yanachuruzika kwenye kamba. Mbao laini hunywa haraka, ngumu hunywa polepole, na mafuta mazito ya udi huziba vinyweleo vyake hata kichupa kikawa kimejaa na hakinukii. Nunua mizani ndogo kama za masonara. Pima kila kichupa asubuhi, andika kwenye daftari. Kichupa cha mililita 8 kikipoteza gramu moja kila siku, hakimalizi wiki mbili, na wewe kwenye boksi umeandika mwezi mzima.

Na ukiwapa madereva wakujaribie, usimuulize dereva kama harufu bado ipo. Pua yake imeshaizoea, atakwambia imekwisha siku ya tatu. Muulize abiria anapofungua mlango. Muulize pia kama kichwa kinamuuma, maana wapo wanaotapika kwa marashi kabla hata gari halijafika Ubungo, na wenye pumu usiwasahau.

Wewe umeanza na harufu unayoipenda. Mimi ningeanza na uvundo. Yale marashi ya karatasi yenye umbo la msonobari unayoyaona kila teksi yalitengenezwa mwaka 1952 kule Watertown, jimbo la New York, na Julius Sämann, mkemia aliyekuwa amejifunza mafuta ya misonobari Canada. Inasimuliwa kwamba dereva wa gari la maziwa alimlalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Akachukua karatasi nene inayonyonya, wala si kioo wala mbao. Sasa gari la Dar linanuka nini? Linanuka samaki wa soko la Feri. Linanuka mazulia yaliyolowa masika. Linanuka kiyoyozi chenye ukungu, na hicho hakina marashi, ni kusafisha chujio, umwambie mteja hivyo hivyo. Mbele ya samaki udi utashindwa. Mchaichai na makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, vinaweza kusimama. Mafuta ya vyote viwili yanakamuliwa Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo pale Wawi. Huna haja ya kuhangaika na udi wa bandia kutoka Dubai. (Najua utaniambia vijana wa mjini wanataka udi. Watengenezee baadaye, kwa bei ya juu.)

Lile umbo la msonobari, wala jina la pafyumu ya mtu mkubwa, usiliguse. Ni mali ya watu. Jina lako litazame kwanza BRELA, wanaosajili majina ya biashara, kama liko wazi, kisha nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wao ndio wanaojua kumshika mkono mjasiriamali mdogo hadi TBS, watu wa viwango vya ubora. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha boksi.

Kuhusu pesa, tuseme kichupa, mafuta, kamba na boksi vinakufikia shilingi 2,500. Rejareja unataka kuuza 5,000. Mwenye duka atakuchukulia kwa 3,500, tena mali kauli, alipe akishauza. Umebaki na 1,000, ndani yake kuna nauli, vichupa vilivyovunjika na vile ulivyogawa bure. Kwa hesabu hiyo ukiacha kazi mwezi huu, kodi ya nyumba utaniomba mimi. Chukua dazeni mbili za chupa tupu hapo hapo mjini, waulize waosha magari wa mtaani kwenu kama watakuuzia kwa kamisheni. Wao wanalikuta gari milango wazi, na mwenyewe yuko pale ana chenji mkononi.

Mvua za masika zikipita na vichupa vyako havijavuja, havijafifia, na kuna mtu amerudi kununua cha pili kwa pesa yake, niandikie tena habari ya mtu wako wa China.

Mjomba wako anavuka na boti Alhamisi, nimempa mafuta ya makonyo kwenye chupa ya kioo. Mchaichai nitakuulizia bei, lakini nataka kujua unahitaji gramu ngapi. Usiniandikie "kidogo tu, mama".

Wasalaam,
Mama yako