Nevado del Ruiz: barafu ndiyo iliyoua, si lava

Inawezekanaje mlipuko mdogo wa volkano uangamize mji ulio mbali nao, kama ulivyoangamia mji wa Armero, Colombia? Jibu liko kwenye barafu. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985, Nevado del Ruiz ya Colombia, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 5,300, ulilipuka ilipopita saa tatu usiku, na mawimbi ya gesi na majivu moto yakayeyusha takriban sehemu moja ya kumi ya barafu ya kileleni. Maji hayo yaliporomoka mabondeni yakikokota udongo na mawe, yakaongezeka ujazo kila yalipopita, hata yakawa tope zito kama zege bichi, ambalo wataalamu huliita lahari. Baada ya saa mbili na nusu hivi lilifika Armero kwa kufuata mto Lagunilla, likaua watu wapatao 20,000 katika mji wa watu takriban 29,000.

Wala halikuwa jambo geni, kwa sababu tope kama hilo lilishuka mwaka 1595 na tena 1845, na Armero yenyewe ilijengwa juu ya mashapo ya lile la 1845. Ramani ya hatari ilikwisha kuchorwa wiki chache kabla ya msiba. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linalouma zaidi: muda wa kupanda vilima vya jirani ulikuwepo, amri ya kuhama haikufika.