Ofisi ya mita 4 kwa 3: sabufa, redio ya Japani au spika ya Bluetooth?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa bima hapa Morogoro, mita 4 kwa 3, chini tailizi, mbele kioo cha alumini. Tupo watatu na wateja wanaingia wanatoka. Nataka muziki wa chini chini tu na taarifa ya habari mchana. Nimeona sabufa imeandikwa wati 8,000 bei poa, nimeona pia redio ndogo ya mtumba kutoka Japani ina spika zake mbili nzuri kweli, na mwenzangu anasema tuchukue spika moja ya Bluetooth yaishe. Nichukue ipi?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Kwa chumba hicho sabufa naitoa mapema, na sio kwamba sabufa ni mbaya, ni chumba chenyewe hakiitaki. Kuta zikiachana mita 4 zinakuza zenyewe sauti nzito ya karibu Hz 43 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), zikiachana mita 3 inakuwa karibu Hz 57, na hapo hapo ndio sabufa inafanyia kazi yake yote. Matokeo yake aliyekaa ukutani anapata ngurumo ya kumuumiza kichwa, aliyekaa katikati anauliza mbona besi haipo, na kile kioo cha alumini kinaanza kutetemeka kila ngoma ikipigwa. Jirani wa upande wa pili ndio usiseme, maana besi inapita ukutani kuliko sauti nyingine yoyote.

Halafu hizo wati 8,000. Angalia vizuri utakuta pembeni pameandikwa PMPO, hiyo ni namba ya kuuzia tu. Wati za kweli zinaandikwa RMS. Kama RMS haipo geuza mashine nyuma usome inakula wati ngapi kwenye umeme, ukikuta imeandikwa wati 40 basi jua haiwezi kutoa hata hizo 40 kwenye spika kwa muziki unaoendelea, achilia mbali elfu nane, itazitoa wapi? Na wewe hata 40 huzihitaji. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 1 inatoa kama desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja, wakati watu wakiongea kawaida umbali huo ni kama desibeli 60. Ukiipa sehemu moja ya mia ya wati bado inatoa 66, yaani tayari inawazidi mnaoongea! Kwa hiyo usinunue wati, nunua usafi wa sauti ikiwa chini. Ofisini ndio kitu pekee utakachokuwa unakisikia mwaka mzima.

Sasa ile ya Japani. Hiyo ndio ningeichukua mimi, maana vile vimashine vilitengenezwa kwa vyumba vidogo kama chako na spika zake ni boksi la mbao linaloeleweka, ila kuna mambo mawili yanawaliza watu sana na muuzaji mara nyingi hayasemi. La kwanza umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230, ukichomeka moja kwa moja umeua mashine siku hiyo hiyo. Soma kibati cha nyuma. Kikisema 100V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha, na uiulize vizuri, maana nyingi zinazouzwa zinashusha mpaka 110, mashine inafanya kazi lakini inachemka kuliko inavyotakiwa, tafuta ya 100 kweli. Iwe na wati zaidi ya zile mashine inazokula, mara mbili hivi ni salama, na jioni mkifunga ofisi izimwe kwenye soketi maana inaendelea kula umeme hata redio ikiwa imezimwa. Mtu akikwambia "hii ishabadilishwa na fundi" mwambie aiwashe mbele yako, tena iache ipige hata nusu saa halafu uiguse juu.

La pili ni FM, na wenye magari ya Japani wananielewa hapa. Redio zao zinashika kuanzia 76 mpaka 90, za miaka ya karibuni mpaka 95, wakati FM yetu inaanza 87.5 mpaka 108. Stesheni yako ya habari ikiwa 98 au 102 hutaipata hata uvute waya wa antena mpaka juu ya bati. Kwa hiyo kabla hujalipa andika stesheni mnazosikiliza hapo ofisini, kama ziko juu basi taarifa ya habari itabidi itoke kwenye simu, na hapo uhakikishe mashine ina Bluetooth au tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa simu. Nyingi za zamani hazina Bluetooth ila AUX ipo, au zile tundu mbili nyekundu na nyeupe, unanunua kile kidude cha kupokea Bluetooth unachomeka hapo maisha yanaendelea.

Dukani usikubali wakuwekee muziki wao kwa sauti ya kutikisa fremu. Weka mtu anayesoma habari kutoka kwenye simu yako, shusha mpaka chini kabisa, rudi nyuma hatua tatu usikilize kama maneno yanasikika yote. Zungusha kitufe cha sauti, kikikwaruza kimechoka. Toa kava la spika uguse ule mduara wa pembeni ya koni, kama ni wa sponji na unamenyeka basi umeoza, achana nayo. Lenzi ya CD usiihangaikie, hutaitumia.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, tafuta kitufe kimeandikwa LOUDNESS au kitu kama hicho. Sikio la binadamu sauti ikiwa chini linapoteza besi kwanza, hili limepimwa tangu 1933 na Fletcher na Munson kule Marekani, sasa hicho kitufe kinairudisha besi kidogo bila wewe kuongeza sauti. Kwa matumizi yako kina faida kuliko sabufa nzima.

Kupanga: spika zote mbili ukuta mmoja, ule usio na kioo, juu ya shelfu usawa wa masikio ya mtu aliyekaa au juu kidogo, zisiguse ukuta na zisiwe kwenye kona. Tailizi na kioo vinarudisha sauti sana, pazia zito na zulia dogo vitasaidia kuliko kuongeza hela kwenye mashine. Ukitaka spika moja ikae kwa wateja na nyingine ndani, ingia kwenye settings za simu sehemu ya accessibility uwashe mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ile ile, la sivyo wateja watasikia gitaa na nyie ndani mtabaki na kinanda. Na ukichomeka laptopu kwa waya wa AUX ukasikia mlio wa mmmm, chomoa chaja ya laptopu kwanza, mara nyingi tatizo ni hapo, tumia Bluetooth utaukwepa.

Mwenzako naye hajakosea sana. Spika moja ya Bluetooth itawatosha kama hamtaki habari za transfoma, ila simu ikiita muziki unakatika, kwa hiyo tengeni simu ya zamani iwe ya kazi hiyo tu. Mkiichukua iwe ya kuchomeka ukutani muda wote, zile za betri ukiziacha kwenye chaji kila siku betri inachoka mapema.

Na kwa kuwa wateja wanaingia hapo, waulize COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuhusu kibali cha kupiga muziki sehemu ya biashara kabla hujafunga chochote. Ukishasoma kile kibati cha nyuma nitumie kilichoandikwa nikwambie transfoma ya wati ngapi.