Muulize Shangazi: Shemeji alitujengea, sasa kuta zinapasuka na hapokei simu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, tunaishi Moshi huku chini upande wa Mabogini. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, huja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Tulichukua mkopo tukajenga, na kazi tulimpa mtoto wa baba yake mdogo, mwenye kampuni ya ukandarasi iliyosajiliwa. Mkataba upo, wa shilingi milioni 64. Umeandikwa kwamba kwa miezi 12 baada ya kukabidhi atarekebisha hitilafu zote kwa gharama yake, na sisi tutabaki na asilimia 5 ya fedha mpaka kipindi hicho kiishe.*

*Alitukabidhi Septemba 14 mwaka jana. Masika ilipoingia, bati likaanza kuvuja pale paa mbili zinapokutana, singibodi ya sebuleni ikalowa hadi ikaanguka kipande. Chumba cha watoto kuna ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha. Alikuja mara moja mwezi wa tano, akaziba kwa plasta, akapaka rangi, akaondoka. Sasa ni Julai na ufa umerudi palepale. Nikimpigia anasema "nyumba inatulia, shemeji, kila nyumba mpya hutulia." Siku hizi hapokei kabisa.*

*Kinachoniumiza ni hiki: mume wangu anataka tumlipe ile asilimia 5 sasa hivi kwa sababu ndugu yake ana shida ya ada ya watoto. Mama mkwe naye amesikia, anasema nataka kuwapeleka ndugu mahakamani kwa ajili ya rangi. Nifanye nini? – Mama Wawili, Moshi.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliishia pale kwenye ufa wa chumba cha watoto, kwa sababu hapo ndipo moyo wako ulipo, na wangu pia.

Nianze na fedha, maana hiyo ndiyo inayotaka kukuponyoka wiki hii. Usimlipe. Asilimia 5 ya milioni 64 ni shilingi milioni 3 na laki 2, na hiyo si deni unalomcheleweshea ndugu. Ni fedha ya zuio, ile wenye kazi wanayoiita ritensheni, na iliwekwa kwenye mkataba kwa ajili ya hali kama hii hasa. Yeye mwenyewe aliisaini. Miezi 12 mliyoandika ndiyo kipindi cha matazamio: nyumba inatazamwa inavyopokea mvua na jua, na kinachojitokeza anakirekebisha aliyejenga. Ukiitoa fedha hiyo leo, siku utakayompigia simu hutakuwa na kitu cha kumfanya apokee. Nakuambia kwa uchungu. Nyumba yangu ya kwanza Arusha nililipa malizio yote siku ya kukabidhiwa, mwezi wa kumi na mbili, jua linawaka, fundi ni kijana niliyemfahamu tangu akiwa mdogo. Masika tatu mfululizo nilitega masufuria chini ya dari. Hakurudi hata siku moja.

Kama ada ya watoto wa shemeji inawabana kweli, msaidieni kama ndugu. Mume wako atoe laki mbili au tatu mfukoni kwake, na aseme wazi kuwa ni mchango wa ada. Lakini msichote kwenye fungu la nyumba, na msiandike popote kuwa ni malipo ya kazi. Mambo haya mawili yakichanganyika tu, hamtajua tena nani anamdai nani.

Sasa ufa wenyewe. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji aliziba, na ukarudi, kwa sababu chanzo chake hakipo kwenye plasta. Nyufa ndogo kama nywele, zinazosambaa juu ya plasta bila mpangilio, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka au isiyomwagiliwa maji, na hizo kweli ni kazi ya rangi. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata maungio ya tofali, tena ukianzia kona ya dirisha, unakuambia kuwa sehemu moja ya nyumba inashuka au inainuka kuliko nyingine. Nyumba mpya hutulia kidogo, hapo hakudanganya. Ila nyumba iliyotulia ufa wake huzibwa ukabaki umezibwa.

Unaishi Mabogini, kwenye tambarare ya mpunga, na huko chini kuna sehemu nyingi zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo ule umeuona mwenyewe: kiangazi hupasuka hadi mguu wa mtoto unaingia, masika hunywa maji ukavimba. Msingi ukikaa juu yake, hupanda na kushuka nao. Anayejua kazi huchimba mpaka auondoe au aufikie udongo mgumu, hujaza moramu, ule udongo wa changarawe unaoshikamana, na kuishindilia tabaka kwa tabaka, na hufunga mkanda wa zege na nondo chini ya kuta. Chukua ramani na jedwali la makadirio mliloambatanisha kwenye mkataba, utazame msingi uliandikwa uwe na kina gani na kama kuondoa udongo kulikuwa na bei yake. Kama mlilipia moramu ambayo haikuletwa, hoja yako imeshatoka kwenye ufa imekuwa nzito zaidi.

Leo jioni, kabla hujampigia mtu yeyote, chukua penseli. Weka alama ndogo pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe pembeni. Pima upana wake kwa rula mahali pamoja, kisha piga picha rula ikionekana. Rudia kila Jumapili. Ufa unaotembea utajionyesha wenyewe, na hakuna atakayekuambia ni macho yako. Angalia pia upande wa nje: ukiuona ufa uleule umepenya, au mlango wa chumba umeanza kugoma kufunga, au ukuta unaonekana kulala, watoto wahamie chumba kingine usiku huohuo.

Na hapa nikuulize jambo ambalo shemeji ataliuliza, ni heri uwe na jibu kabla yake. Mmepanda nini ukutani? Sisi watu wa Kilimanjaro hatukai bila migomba, na mara nyingi tunaisogeza karibu na nyumba kisha tunaimwagilia kiangazi chote. Maji yanayomwagwa karibu na msingi upande mmoja tu, kwenye udongo ule, yanatosha kabisa kuinua kona ya nyumba. Kama migomba ipo hapo, acha kuimwagilia na uihamishe. Kama maji ya gata yanamwagikia mguuni pa ukuta, yaelekeze mbali. Hii haimfutii yeye kosa. Sheria ya Mikataba inamtaka aliyeumizwa naye achukue hatua za kawaida kupunguza hasara, na mimi sitaki kijiti hicho umpe mkononi. Kwa sababu hiyohiyo, lile bati linalovuja lifunike kwa turubai kabla ya vuli kama bado hajafika, na risiti uitunze.

Habari ya bati haihitaji maneno mengi. Mahali paa mbili zinapokutana ndipo panapovuja kwenye nyumba nyingi, kwa mfereji mwembamba au misumari iliyopigwa bila mpira. Ila mwombe kijana apande aangalie na unene: kama mkataba unasema geji 28 na juu limepigwa geji 30, umepewa bati jembamba zaidi, kwani namba ikipanda unene unashuka.

Kisha andika barua. Simu zako zote zile, mwanangu, hazijaacha alama yoyote ambayo mtu wa tatu anaweza kuisoma. Barua iende kwa jina la kampuni, isiende kwa jina la shemeji. Itaje tarehe ya mkataba, tarehe ya kukabidhiwa, na kifungu cha matazamio. Taja kila hitilafu na chumba chake, hata bafu ambalo maji hayaendi kwenye tundu kama lipo, kwa sababu usichokitaja sasa utaambiwa kilitokea baadaye. Mpe siku 14 aje na mpango wa kazi unaoeleza chanzo cha ufa, maana dawa ya plasta mmeshaijaribu. Mwambie waziwazi kwamba asipofika mtatafuta mkandarasi mwingine na gharama itatoka kwenye zuio. Lakini kwanza soma mkataba wako unasema notisi iwe ya siku ngapi, ufuate huo. Mpelekee mtu asaini kupokea, au itume kwa Posta uipate stakabadhi, kisha piga picha uitume na WhatsApp. Ujumbe wa simu nao ni ushahidi unaokubalika tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo usifute wowote, na kama lile neno la "nyumba inatulia" aliwahi kukuandikia, ulinde sana.

Wakati siku hizo zinahesabika, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiye rafiki wa shemeji wala wako, aje achimbe shimo dogo pembeni ya msingi na aandike ripoti. Utamlipa, ndiyo. Najua mshahara wa mwalimu. Lakini ripoti hiyo ndiyo itakayosema kile ambacho wewe ukisema unaitwa mke mkorofi.

Akinyamaza, nenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na kwa watu wa kaskazini ofisi ya kanda iko Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapo ulipo. Bodi haitakulipa wala haitakujengea, hiyo si kazi yake. Ila ndiyo iliyompa leseni na ndiyo yenye mamlaka ya kumhoji na kumwadhibu mkandarasi, na mwenye kampuni anayetafuta tenda huogopa malalamiko yenye nyaraka kuliko anavyoogopa kelele za shemeji. Mahakama iwe mbali kidogo. Angalia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, wengi wanacho, na hicho hutangulia. Madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria, kwa hiyo huko hakuna moto. Moto uko kwenye Septemba 13, siku miezi yenu 12 ya matazamio inapoisha.

Wale wanaosoma hapa ambao nyumba zao zilijengwa na fundi wa mtaani bila karatasi: makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha nani alilipwa nini na lini. Kazi itakuwa ngumu zaidi, lakini andikeni barua hiyohiyo.

Sasa mama mkwe. Wewe hujampeleka mtu mahakamani. Umeshika mkataba ambao mwanae na mtoto wa mdogo wa mumewe waliusaini kwa hiari yao. Usimjibu kwa simu. Mume wako atakaporudi kutoka Geita, waende wote wawili, yeye na mama yake, wasimame chumba cha watoto, waweke kidole kwenye ufa. Mwachie mume aeleze, maana ni ndugu yake, na ni yeye aliyemleta. Naona umeubeba mzigo huu peke yako kwa sababu wewe ndiye unayelala humo, na mume wako anahitaji kuambiwa hivyo kwa upole lakini bila kupunguza: anaombwa achague kati ya aibu ya wiki moja kwenye ukoo na ukuta juu ya vichwa vya wanawe.

Huenda shemeji akatuma wazee waje na jani la sale, lile ambalo Wachagga huombea msamaha. Unajua uzito wake, Mchagga haletewi sale akageuza uso. Pokeeni. Sameheni simu zisizopokelewa, sameheni maneno. Kisha, wazee wakiwa bado wamekaa, mume wako alete kalamu, waandike siku ya kuanza kuchimba na siku ya kumaliza, na shemeji asaini mbele yao. Kazi ikikamilika na mhandisi akaridhika, mlipeni milioni 3 na laki 2 zake zote siku hiyohiyo, hata kabla ya Septemba, bila kukata senti. Atakuwa amezitolea jasho.

Barua iandike Jumamosi hii. Ukitaka niipitie kabla hujaituma, nitumie pamoja na picha ya ule ufa ukishaweka alama za penseli.