Maswali Yenu: Katuni fupi za ubaguzi na uvamizi

SWALI: Tumetengeneza katuni ya dakika 3 isiyo na maneno, ambamo miraba inavamia nchi ya maduara. Tulipowaonyesha watoto, walicheka na kuishangilia miraba. Tumekosea wapi?

JIBU: Tazameni kwanza nani anatangulia kutokea. Mtoto huwa upande wa aliyemzoea mapema. Ikiwa miraba inaingia kwa ngoma na gwaride, na maduara yanaonekana pale tu yanapogongwa, watoto watakwenda na gwaride. Yapeni maduara sekunde 20 za mwanzo, yakiwa na shughuli zao. Duara dogo linasukuma debe la maji kupanda mlima, nusu inamwagika, linashuka kuteka tena. Mvamizi akija kulikanyaga debe hilo, hakuna mtoto atakayehitaji maelezo.

Kicheko nacho kinatokana na hesabu ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, duara linalobonyea kisha likarudia umbo lake ndani ya fremu 6 ni kichekesho, kwa sababu jicho linaona halikuumia. Liacheni na kibonyeo chake hadi mwisho wa filamu. Kama mnatumia vikato vya karatasi, kateni duara la pili lenye kibonyeo mliweke badala ya la kwanza. Msilikunje lile lile: karatasi iliyokunjwa hutupa kivuli kinachorukaruka kutoka picha hadi picha. Baada ya pigo, onyesheni wenzake wakitazama kwa sekunde 2 nzima, yaani fremu 48, bila muziki. Mkipiga kila mchoro fremu mbili, dakika 3 zinadai michoro 2,160, kwa hiyo utulivu huo unawapunguzia na kazi.

La muhimu kuliko yote: msiwachore wavamizi wote kwa rangi moja ya giza na meno makali. Katuni inayompa mtoto alama ya kumtambua mbaya kwa sura inamfundisha ubaguzi ule ule inaodai kuupinga. Ubaya uonekane katika tendo. Mraba mmoja usitesite mpakani, duara moja liuze siri za wenzake. Na uvamizi usianze na ngumi. Uanze na kamba ya kupimia, uje uzio, kisha bango lenye jina jipya la mlima. Watoto wanaujua vizuri sana uchungu wa mtu kuja kuchora mstari katikati ya uwanja wao.

SWALI: Nafundisha watoto wa miaka 9. Baada ya filamu ya namna hii, mmoja alisema, "Wale wabaya wangeuawa wote." Nilikosa la kumjibu.

JIBU: Usimkemee, Mwalimu. Amesema alichohisi. Mara ya kwanza waonyeshe filamu yote bila kuisimamisha, mara ya pili isimamishe kabla ya pigo la kwanza, uulize: "Mlijuaje kwamba huyu ni mbaya, na bado hajafanya kitu?" Watataja sauti, rangi, macho. Rudia dakika hiyo ukiwa umezima sauti, uone wangapi wanabadili jibu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe kuuliza "tumejifunza nini". Wala usimwombe mtoto wa jamii inayobaguliwa aseme kwa niaba ya wenzake.

Itazame filamu yote peke yako kabla ya darasa, hata kama umewahi kuiona. Kwa mfano, Neighbours, filamu ya mtengenezaji filamu Norman McLaren iliyotoka Kanada mwaka 1952, inahusu majirani wawili wanaogombania ua moja lililoota mpakani. Kipande ambamo wake na watoto wao wachanga wanapigwa kiliwahi kukatwa, kisha kikarudishwa, na nakala utakayoipata inaweza kuwa nacho.

SWALI: Na mtoto wa miaka 4?

JIBU: Vita hapana. Hadithi ya kutengwa mchezoni inamtosha, dakika 2 au 3. Kaa ubavuni mwake, si nyuma yake, uweze kuuona uso wake.