Maswali ya Magari: Betri inapogoma asubuhi ya baridi

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Niko Makete. Tangu Juni ilipoingia, Noah yangu ikilala nje inaamka na sakitu kwenye kioo, na stata inaguna mara mbili kisha inalia tik-tik-tik. Mchana inawaka bila shida. Betri ni NS60, ina miaka miwili. Fundi mmoja kaniambia niongeze asidi. Jirani kasema niiweke karibu na jiko la mkaa ipate joto, ndipo niichaji. Nina chaja yenye swichi ya ampea 2 na 10. Nifuate lipi?
*Msomaji, Makete*

JIBU: Usifuate hata moja.

Asidi haiongezwi. Kinachopungua ndani ya betri ni maji. Asidi haipotei isipokuwa imemwagika. Betri inapoishiwa chaji, asidi huingia kwenye sahani za risasi, ndiyo maana haidromita (kipimo cha ukali wa asidi ya betri) husoma chini. Ukichaji, inarudi majini. Sasa ukiwa umeshamimina nyingine juu yake, asidi inakuwa kali kupita kiasi na kuzila sahani. Kwa wiki chache haidromita itasoma vizuri na fundi atasifiwa, kisha betri inakufa. Kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Dukani soma chupa, kwa sababu jina "maji ya betri" hutumika kwa maji na kwa asidi pia. Maji ya bomba yaache.

Jiko ndilo la hatari zaidi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kaa la moto halihitaji hata cheche. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwashe kiberiti kuangalia kama maji yamefika, tumia tochi. Hapo hatujagusia sumu ya moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa.

Wazo la jirani lina chembe ya ukweli, hata hivyo. Betri ya baridi hupokea chaji polepole, kwa hiyo ni vizuri kuiondoa kwenye baridi ya nje. Ifungue jioni, iweke kwenye stoo yenye dirisha, na asubuhi itakuwa imeshika joto la chumba. Hilo linatosha.

Baridi yenyewe haikumaliza chaji yako. Inafanya kemia ya betri iende taratibu, na wakati huo huo oili ya injini inakuwa nzito. Kwenye nyuzi 0 betri hutoa takriban theluthi mbili tu ya nguvu zake. Ikiwa imejaa, hutasikia tofauti kubwa. Ikiwa nusu, mchana itakuficha na alfajiri itakuumbua. Kwa hiyo pima kwanza. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa, kisha weka mita kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Chini ya hapo ni sawa na tupu.

Kuifungua, anza na waya wa negativu. Ukianza na pozitivu na spana ikagusa bodi, unapata shoti ya kutosha kuyeyusha chuma. Wakati wa kurudisha, negativu iwe ya mwisho. Safisha ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, vifuniko vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Mara nyingine ugonjwa wote huwa ni huo unga. Vaa glavu na miwani. Asidi ikikurukia jichoni, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Sasa chaja. Kanuni ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. NS60 kwa kawaida ni ya ampea-saa 45 (yaani ampea zidisha saa inazoweza kutoa), kwa hiyo stahili yake ni ampea 4 hadi 5. Ampea 10 ni nyingi: betri itapata moto, maji yatachemka, sahani zitapinda. Tumia 2. Kama iko nusu, inahitaji kurudishiwa kama ampea-saa 22, na ukiongeza upotevu, hesabu muda wa saa 14 hivi. Ni mrefu, lakini betri inapona nao. Chaja isiyojikata yenyewe usilale nayo. Anza asubuhi na mapema.

Kabla ya kuanza, angalia maji. Sahani zikiwa zimefunikwa, usiongeze kitu, maana maji hutanuka yakichajiwa na yatafurika. Zikiwa wazi, weka ya kuzifunika tu, kisha ujaze hadi mstari wa juu chaji ikikamilika. Funga klipu nyekundu kwenye pozitivu na nyeusi kwenye negativu, kisha ndipo uchomeke chaja ukutani. Kutoa ni kinyume: zima ukutani kwanza. Cheche nyingi zinazolipua betri hutokea mtu anapochomoa klipu wakati umeme ungali unapita. Ukigusa ubavu wa betri ukakuta ni wa moto wa kuunguza mkono, kata chaji, iache ipoe.

Ikishajaa, iache bila kuifunga garini hadi kesho yake, upime tena. Ikiwa imebaki 12.6, betri ni nzima, na tatizo litafute kwenye gari: altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri), mkanda wake uliolegea, au kifaa kinachonyonya umeme usiku. Alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa vibaya ndivyo tunavyovishuku kwanza. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4, yaelekea kuna seli (kimoja cha vyumba sita vya betri) iliyokufa. Haidromita itaionyesha: seli tano zitasoma karibu sawa, mfano 1.260, na moja itakuwa chini kwa 0.050 au zaidi. Hiyo haichajiki. Nunua nyingine.

SWALI: Huku Nyandarua kuna baridi kali. Kila asubuhi nawasha gari, naliacha likiunguruma dakika 15 bila kuendesha ili betri ijae. Nafanya vyema?
*Msomaji, Ol Kalou*

JIBU: Unachoma petroli tu. Injini ikiwa kwenye sailensi, altaneta hutoa umeme kidogo, na taa, hita na feni hula sehemu kubwa yake. Hata safari ya kilomita mbili hadi sokoni hairudishi vizuri kile stata ilichochukua. Endesha nusu saa au zaidi kwa mwendo wa barabara kuu, au chaji kwa chaja mara moja kwa mwezi. Na altaneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa kabisa. Ukiilazimisha, inapata moto na inaweza kuungua.

SWALI: Salamu kutoka Minneapolis. Gari limekaa nje wiki tatu, Januari hii ilifika nyuzi −25. Betri inasoma volti 11.6 na ubavu wake umetuna kidogo. Rafiki anakuja na nyaya za kulistua kutoka gari lake. Kuna tahadhari?
*Msomaji, Minnesota*

JIBU: Mwambie asizifunge. Betri hiyo yaelekea imeganda. Iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi −50, lakini iliyoisha chaji ndani yake imebaki karibu maji matupu, na inaganda kwenye −10 hivi. Ukipitisha umeme mwingi kwenye barafu, gesi inakosa njia na betri inaweza kupasuka. Ifungue, iweke kwenye beseni la plastiki ndani ya gereji yenye joto, mbali na hita ya moto, kwa siku nzima. Beseni ni la lazima: barafu ikiyeyuka ndipo ufa unapoanza kuvuja. Lakini ikiwa imetuna kweli, sahani zimekwisha kusukumwa. Sisi tusingeichaji. Ipeleke dukani unaponunua mpya; hapo Marekani huwa unatozwa amana inayorudishwa ukikabidhi betri kuukuu.

Kwa betri isiyoganda, mpangilio wa nyaya ni huu: nyekundu kwenye pozitivu ya betri mbovu, kisha pozitivu ya nzima, nyeusi kwenye negativu ya nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Acha gari zima liungurume dakika 5 kabla ya kupiga stata. Na kwenye baridi ya huko, usiongeze maji kisha ukaliacha gari bila kulichaji: maji mapya hukaa juu bila kuchanganyika na asidi, na usiku yanaganda.

SWALI: Ni kweli betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji inaisha chaji?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Ilikuwa kweli zama za maboksi ya mpira na mbao, yaliyokuwa yakivujisha umeme yakilowa. Boksi la plastiki la siku hizi halijali. Mbao chini yake inaikinga tu na ubaridi wa sakafu ukiwa unaichaji.