Kabla hujamkabidhi mteja tovuti, mpe asiyeona aijaribu

Vijana kadhaa mnaotengeneza tovuti hapa Tabora mmeniuliza natumia programu gani kupima kama tovuti inatumika na watu wenye ulemavu. Programu nitazitaja, ila niwaambie mapema kwamba hizo ni za kuanzia tu. Kipimo chenyewe ni mtu mwenye ulemavu, akiwa na simu yake mwenyewe, akijaribu kumaliza jambo ambalo tovuti imewekwa kwa ajili yake: kuagiza, kulipa, kutuma maombi. Wewe unakaa pembeni na daftari.

Na sisi wa Tabora hatuwezi kusema watu hao hatuwajui. Mjini hapa kuna Shule ya Furaha ya wasioona, kuna shule ya viziwi, na waliopita kwenye shule za namna hiyo leo ni walimu, wafanyabiashara, wazazi wenye watoto wa kulipia ada. Wana simu janja na wananunua bando kama wewe.

Lakini si haki kumtoa mtu Ipuli kwa bodaboda aje kukuonyesha kosa ambalo ungeliona mwenyewe ndani ya dakika tano. Kwa hiyo anza peke yako. Chomoa mausi kwenye kompyuta. Shuka ukurasa mzima kwa Tab, rudi kwa Shift na Tab, fungua viungo kwa Enter, weka tiki kwa Space, funga vinavyojitokeza kwa Esc. Unatafuta vitu viwili. Kwanza, unaona uko wapi? Wabunifu wengi huuondoa ule mstari unaozunguka kitufe ulichokifikia, eti unaharibu muonekano. Bila huo mstari, mtu anayetumia kibodi kwa sababu mikono inatetemeka au ana mkono mmoja anabonyeza kwa kubahatisha. Pili, unaweza kutoka? Kuna madirisha ya matangazo ambayo ukiingia kwa kibodi ndiyo umeingia, Tab inazunguka humo humo na Esc haifanyi kitu.

Ukimaliza, kuza ukurasa hadi asilimia 200, halafu 400. Maandishi yajipange upya kwenda chini, yasikulazimishe kuvuta kulia na kushoto kila mstari. Kwenye simu kuza kwa vidole viwili. Ikigoma, kuna mtu ameandika msimbo wa kuzuia kukuza. Ufute leo leo, hauna kazi yoyote ya maana. Angalia pia kile kitufe cha kijani cha WhatsApp tunachopenda kukibandika pembeni chini. Skrini ikiwa ndogo au ikikuzwa, mara nyingi kinakaa juu ya kitufe cha "Tuma" kabisa.

Sasa programu. WAVE, axe, na Lighthouse iliyomo ndani ya Chrome, zote unaweza kuzitumia bure. Zinapima ukurasa kwa mwongozo uitwao WCAG, unaotolewa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, na madaraja yake ni matatu: A, AA na AAA. Lenga AA. Ndilo daraja ambalo sheria na mikataba mingi duniani inalitaja, na linafikika bila kumfilisi mteja.

Eneo ambalo programu hizi zinafanya kazi nzuri ni rangi. AA inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kilicho nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Niliwahi kuletewa tovuti ya muuza asali niikague. Mbunifu alitaka kila kitu kifanane na bidhaa, kwa hiyo bei zote zilikuwa za rangi ya asali juu ya nyeupe. Rangi ya namna hiyo haifiki hata 2 kwa 1. Nilimpa kijana mmoja mwenye ualbino asome bei ya lita moja. Tulikuwa nje, chini ya mwembe, saa nane mchana. Akaileta simu mpaka karibu na pua, akaigeuza, akaiziba jua kwa kiganja, mwisho akasema, "Kaka, naona kuna kitu kimeandikwa." Bei hakuisoma. Tukabadili rangi ikawa kahawia iliyokolea, asali ikabaki asali na bei ikasomeka. Kosa hili liko kila mahali: WebAIM, wanaopima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja, mwaka 2024 walikuta asilimia 81 zina maandishi yaliyofifia kuliko kiwango.

Ambacho programu haiwezi ni kuelewa. Inaweza kuona kwamba picha ina maelezo yake ya maandishi, haiwezi kuona kwamba maelezo hayo ni ya ovyo. Ukiandika "picha" kwenye kila picha, mashine nyingi zitakupitisha. Asiyeona yeye anataka kusikia "debe la asali, lita 20, kifuniko chekundu". Na ukiacha patupu kwenye picha ambayo pia ni kiungo, visoma skrini vingi, yaani programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, huishia kusoma jina la faili. Kwa tovuti zetu, ambazo picha zote zimepitia WhatsApp, hiyo ina maana ya kusomewa IMG, mstari, tarakimu nane, mstari, WA, tarakimu nyingine nne, kwa kila bidhaa dukani. Jaribu kuvumilia hilo kwa bidhaa kumi.

Kwa hiyo hatua ya mwisho kabla ya kumwita mtu ni kusikiliza mwenyewe. Kwenye Windows pakua programu ya kisoma skrini iitwayo NVDA. Ni ya bure, na ilianza mwaka 2006 kwa mikono ya Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Bonyeza H uruke kichwa cha habari hadi kingine, K kwa viungo, B kwa vitufe, F kwa visanduku vya fomu. Watu wasioona hawasomi ukurasa neno kwa neno toka juu, wanarukaruka hivyo. Kama vichwa vyako vya habari ni maandishi yaliyonenepeshwa tu, H haitawapeleka popote. Kwenye Android washa TalkBack, kisoma skrini cha simu, kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, lakini jifunze kwanza namna ya kuizima. Ikishawaka, kugusa mara moja kunasoma, kugusa mara mbili ndiko kunabonyeza, na nimeona wanaume wazima wakitoka jasho wakitafuta pa kuizimia.

Ndipo umwite mtu.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kanyenye, asiyeona tangu utotoni, ndiye aliyenipimia ile tovuti ya asali. Kazi niliyompa ilikuwa sentensi moja: "Mwalimu, naomba uagize lita tano, uletewe hapa nyumbani." Sikumwambia kitufe kiko wapi wala kinaitwaje. Alifungua ukurasa, na simu ikaanza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Mwingereza, "asali mbichi" ikatoka kitu ambacho siwezi kukiandika. "Kijana, hii simu imelewa?" Haikulewa. Mtengenezaji alinunua kiolezo cha Kiingereza, akabadili maneno yote, akaacha sifa ya lugha mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa ikisema en (Kiingereza) badala ya sw (Kiswahili). Kisoma skrini kinaamini kilichoandikwa pale na kuchagua sauti ya Kiingereza. Ni herufi mbili tu, na ndizo ningekimbilia kuzikagua kwenye tovuti yoyote ya Kiswahili, maana kosa hili halionekani kwa macho kabisa.

Akafika kwenye bidhaa. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vilikuwa kikapu, moyo na alama ya kushirikisha, michoro mitupu isiyo na jina. "Vyote vinaitwa kitufe," akasema. "Nibonyeze kipi, au nipige ramli?" Akabahatisha, akapata. Akajaza fomu kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa masikio, akabonyeza Tuma. Kimya. Akasubiri. "Imeenda?" akauliza.

Hapo ndipo pagumu pa kazi yetu. Ulimi unawasha. Mimi nilikuwa naiona ile sentensi nyekundu iliyotokea juu, ikisema namba ya simu si sahihi, kwa sababu fomu ilitaka ianze na 255 naye aliandika 07 kama Mtanzania yeyote. Ukimwambia tu, jaribio limekufa, kwa sababu siku akiwa peke yake hutakuwepo. Nilimjibu kwa swali: "Mwalimu, wewe unaonaje, imeenda?" Akasema anadhani imeenda. Angekaa akisubiri asali mpaka masika. Muuzaji naye asingejua kwamba kuna mteja alikuwepo.

Dawa yake haikuwa kubwa: fomu ikubali 07 na 255 zote, ujumbe wa kosa upewe sifa ya role yenye thamani alert ili kisoma skrini kiutangaze chenyewe, na mtumiaji apelekwe moja kwa moja kwenye kisanduku chenye tatizo. Lakini Lighthouse ingeupima ule ukurasa mara mia bila kuliona, maana haijazi fomu yako.

Kuhusu adabu ya kikao chenyewe. Mfuate mtu alipo, atumie simu yake na kasi yake, usimpe yako. Usishike kifaa chake. Ukitaka kurekodi au kupiga picha, omba ruhusa, na usiziweke Instagram kutafutia sifa. Watu wenye ulemavu wamechoka kupigwa picha na wageni wanaotabasamu. Na umlipe. Nauli na bando ni gharama zako tu, hayo si malipo. Anakupa ujuzi ambao huna, kama unavyomlipa mpiga picha au mwandishi wa matangazo. Mimi naiweka kwenye ankara kama kipengele cha kazi, "majaribio na watumiaji", na mteja akitaka kupunguza bei, hicho si cha kwanza kukatwa.

Usiishie kwa wasioona tu, ingawa wengi tunaishia hapo. Kwa kiziwi, angalia video kama ina maandishi, na angalia kama njia pekee ya kukupata ni "Piga simu sasa". Weka SMS. Pia kumbuka kwamba kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama, na Kiswahili cha kuandikwa ni cha pili, kwa hiyo sentensi ndefu za kiofisi zinawachosha maradufu. Ukienda kumjaribisha kiziwi, nenda na mkalimani, naye umlipe. Kwa wenye shida ya vidole, WCAG 2.2 inataka vitufe viwe na angalau pikseli 24 kwa 24 au nafasi ya kutosha kati yao. Mimi hufanya vikubwa zaidi. Na yale mafumbo ya kuthibitisha wewe si roboti, ya kuchagua picha zenye mabomba ya zimamoto ya barabarani Marekani, ambayo hata mwenye macho mawili hapa Tabora hajawahi kuyaona, yaondoe kama unaweza.

Kuna ugonjwa mmoja wa ofisi zetu lazima niutaje: tangazo linachapishwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, linapandishwa kama PDF. Kwa kisoma skrini hiyo ni karatasi tupu. Weka maneno yenyewe kwenye ukurasa, hiyo PDF yenye muhuri iwe ya ziada.

Mteja atakuuliza kama hakuna kidude cha kubandika kitakachomaliza yote. Vipo, vinauzwa, na mwaka 2025 kampuni moja ya vidude hivyo ilitakiwa na Tume ya Biashara ya Marekani ilipe dola milioni 1 kwa madai ya uongo kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Atakuambia pia, "Mimi sina wateja wa aina hiyo." Usibishane naye kwa maneno. Mpe TalkBack, mfunge macho kwa kitambaa, mwambie aagize kwake mwenyewe. Akiendelea kusita, mkumbushe kwamba nchi ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 9 kinataja waziwazi habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Kwa kawaida kitambaa kinatosha.

Ripoti iandike fupi: nani alijaribu nini, kwa kifaa gani, alikwama wapi, alisema nini, kirekebishwe nini. Panga kwa kilichomzuia mtu kabisa, kisha kilichomchelewesha, kisha vingine. Baada ya marekebisho rudi kwa mtu yule yule na kazi ile ile. Na mwachie mteja nusu ukurasa wa maelekezo kwa yule mpwa wake anayepandisha bidhaa mpya, kwamba kila picha iandikiwe maelezo kabla ya kubonyeza hifadhi, vinginevyo baada ya mwezi duka litakuwa limerudi kwenye IMG na WA.